Ndeke ya Chini na Muzee Mwenye Hana Shimo

Kukosa shimo mu nyumba haiko zambi, yaya. Njo vile nilikujibu leo mbele ya mama, na we ulicheka, ukasema basi nikuonyeshe mutu mumoya wa avenue yetu, mwanaume ao mwanamuke, mwenye hana shimo, kutosha tu ye, Tata Meteo. Mbele yako maneno inanikimbiaka. Sasa naandika, juu ku kurasa ya kaye hakuna mutu wa kunikata.

Ni kweli, ni ye peke yake. Hapa kwetu Kapata, mu Kolwezi, manyumba ni ya zamani, ya compagnie ya madini, inafwatana mustari mustari, na chini ya sakafu kuko mabwe ya madini yenye batu banatafuta. Kila nyumba iko na shimo yake. Ingine iko mu salon, ingine mu jiko, ya kwetu iko mu chumba yenye baba alikuwa analala mbele ya kufa. Juu ya shimo tunaweka mbao, juu ya mbao bashi ya plastiki, juu ya bashi meza, na kama mugeni anakuya tunamutilia chai pale pale. Ye, Tata Meteo, chini ya meza yake kuko sakafu tu. Na mu avenue yenye kila mutu anachimba, mutu mwenye hachimbe njo batu banaogopa.

Jina yake siandike. Hakuna mutu anaitumiaka, ata ku kanisa banasemaka Tata Meteo. Miaka mingi alitumika ku kiwanja ya ndeke. Haikuwa pilote, haikuwa ata mutu wa tour ya kuongoza ndeke. Kazi yake ilikuwa kuangalia mupepo inatoka wapi, mawingu iko juu namna gani, joto ni ngapi, kiisha kuandika ku karatasi na kuipeleka kwa bale benye kusema na bapilote. Kila saa vile. Kazi ilimalizika, lakini ye hakumaliza. Mpaka leo saa kumi na mbili ya asubui anatoka ku mulango, anasalimia mbingu d'abord, kiisha njo anasalimia batu. Mama anasemaka ile ni zarau. Mi naona ni kuzobelea tu, lakini na mi inanikasirishaka. Unamusalimia, anainua kidole sawa kusema ngoja, na unabakia pale na seau ya mayi ku kichwa mpaka amalize kuhesabu mawingu yake.

Bukari, ile ugali yetu, anakulaka na kanya, ile uma, hapana na bidole. Batu ya avenue balimucheka ile kanya mpaka balichoka. Bamoya banasema alifundishwa na bazungu ya zamani, bengine ati ni kiburi. Siku moya nilimuuliza mi mwenyewe, juu siwezi kubakia na kitu bila kuuliza. Alisema bidole yake alizobeleza kupima, mupepo, joto ya chuma, bubichi ya bulongo, na bukari haina lazima ya kupimiwa. Sikujua kama alikuwa anacheka. Uso yake haisaidiake.

Kuhusu mvula, anaishinda redio. Anatembea avenue yote na fimbo, anaambia bamama batoshe bilamba ku kamba, na mbingu iko safi kabisa. Bamama banamunung'unikia, lakini banatosha, juu haipite saa moya na mvula inakuya. Shati yake ye mwenyewe inabakia ku kamba. Kila mara. Batoto banasemaka shati ya Tata Meteo inafulwa mara mbili, mara moya na sabuni, mara moya na Mungu. Mama alimuuliza, Tata, bilamba ya batu unaona, na ya kwako? Alijibu ati anafanyaka kazi moya kwa saa moya.

Ngazi yake pia haazimie mutu. Ulienda kuiomba, yaya, wakati mabati yetu iliruka, na alikukatalia ku mulango bila ata kukupa kiti. Ulirudia na kasirani. Kiisha nusu saa alikuya ye mwenyewe na ngazi ku bega, akapanda, akapigilia misumari, akashuka, akaenda. Ulisema alikuya kutuzarau. Mama alisema hapana, ni mutu mwenye hajue kusaidia na uso. Mi nabakia katikati. Kwa ule muzee mi nabakiaka katikati kila siku.

Nilimujua karibu nikiwa mutoto wa masomo. Alikuwa na kopo ya tomate, kubwa, alifunga ku muti mu lupango yake, na asubui kila siku anatia regle ya kupimia ndani na anaandika mvula ilikuwa ngapi. Wakati mugongo yake ilikuwa inamuuma alinipa mi ile kazi, na nilijiona mukubwa. Asubui moya mvula ilikuwa inaendelea kunyesha na sikutaka kutoka. Nikaandika tu namba yenye ilifanana na ya jana, nikampelekea. Aliangalia karatasi, akaniangalia, akaona nguo yangu ni ya kukauka. Hakunigombeza. Alikata ile namba na musitari mumoya, na pembeni hakuandika kitu. Nikamuambia Tata, sasa kesi ya leo, pale pa kuandika namba, inabakia tupu. Akasema kesi tupu haidanganye mutu.

Na iko na neno yenye anakurudilia mpaka unataka kukimbia: "Uniambie yenye uliona, usiniambie yenye uliwaza." Siku moya nilifika kwake mbio, nikamwambia batu makumi tatu banapigana ku robinet ya mayi. Akaniuliza niliona ngapi na macho. Nikaanza kuhesabu mu kichwa. Makumi tatu ikakuwa kumi, kumi ikakuwa ine, na moya wabo alikuwa anatenganisha tu benye kupigana. Niliona haya, na nilimuchukia pia kidogo. Mutu akikuya na habari ya moto, hauwezi ata kumupa kiti d'abord?

Sasa, mambo ya ndeke. Naandika yenye niliona.

Inapita sasa posho tatu, majuma tatu. Ilikuwa siku ya pili ya posho, saa sita ya muchana, jua kali, nilikuwa nafungula mifuko ya makala ya mama, ile anaagizaka Mutshatsha. Ndeke kubwa za batu, kwetu tunazionaka mbali sana kule juu, uzi mweupe tu, na makelele inakuya nyuma. Ile ilitoka upande ya Mutshatsha kule kule, lakini chini, chini ya kutisha, na sufuria ilianza kulia ku etagere. Ilikuwa kubwa, nyeupe, mustari ya madirisha yake ungeweza kuona. Miguu yake ilikuwa ya kufungwa, haikutaka kutua ku kiwanja yetu. Ilipita juu ya manyumba, ikaenda upande ya Lubumbashi. Avenue yote ilitoka. Na pale mu katikati ya balabala kulikuwa Tata Meteo, fimbo ya kuinua, mukono ya kunyoosha, jicho moya ya kufunga. Kiisha aliteremusha fimbo, akatosha kaye mu mufuko, akaandika.

Kiisha siku ine, ile ile ndeke ilirudia. Chini tena. Yenye kutoka Lubumbashi, inaenda kule ilitoka. Na ye pale pale, na fimbo, na kaye.

Kutokea pale kila mutu alikuwa na jibu. Ndeke ya batu haiwezi kupita chini vile kama haitafute kitu. Iko na mashini yenye kuona chini ya bulongo. Inapiga foto ya manyumba yenye kuko mashimo, kiisha batatufukuza, batabomoa. Yaya, we ulisema unajua mutu mwenye aliona mulango ya ndeke ya kufunguka na kamera ndani. Nilikuuliza ule mutu alikuwa wapi. Ulisema nimekuwa sawa Tata Meteo.

Batu baliacha kuchimba. Ile siku ile ile balianza kurudisha bulongo ndani ya manyumba, juu ile malundo mekundu ku lupango ndeke inaweza kuiona. Ya kwetu iko mu couloir, ile njia ya ndani ya nyumba, tunapita kwa ubavu. Posho tatu hakuna mutu alipiga nyundo. Mbele ya ndeke, muchana na usiku, ukikaa chini unasikia chini yako tok, tok, na haujue ni jirani gani. Sasa avenue ni kimya, unasikia kijiko ya mutu mu nyumba ya tatu. Na benye kuchimba banakaa ku balabala mikono mu mifuko, banatafuta mutu wa kukasirikia.

Hapa njo kosa yangu inaingia. Miezi kadhaa mbele ya ile ndeke, niliona Tata Meteo anapita nyuma ya manyumba na kopo ndogo na kisu ya zamani. Anasimama mbele ya kibambazi ya nyumba ya mutu, anapakala kitu cheupe, kidogo sawa kidole, anaandika ku ile kitu cheupe na kalamu, anaenda ku nyumba ingine. Ku nyumba yetu pia. Nilienda kuangalia: ilikuwa tarehe. Hapa kila mutu anajua, kama bataanza kubomoa manyumba, banapitaka d'abord na kutia alama. Niliona na niliwaza kwa mara moya, sikutenganisha. Na siku ya ndeke ya pili, wakati kila mutu alikuwa anauliza nani anaonyesha ndeke njia, mi njo nilifungula kinywa. Nilisema ku meza, mbele yako na barafiki yako: Tata Meteo anatiaka alama ku manyumba na tarehe.

Nilitaka tu kuonekana nilijua kitu. Ile magaribi avenue yote ilijua.

Balimuuliza, kweli. Shefu wa avenue alienda na batu mbili, akauliza ile alama ni ya nini. Ye akajibu: "Naangalia." Akauliza unaangalilia nani. Akasema: "Naangalia tu." Bakamuuliza juu ya nini hana shimo sawa batu yote, nani anamulisha. Alifunga mulango. Na mi niliposikia vile nilisema mu roho, basi ni kweli. Mutu mwenye anapenda yenye aliona kuliko yenye aliwaza, juu ya nini sasa haseme yenye anaona? Posho yote sikumusalimia. Nilipita upande ingine ya balabala na mayi yangu, na aliniona, na hakuniita.

Jana jioni ulikuya na habari kama kiisha siku mbili, ni kusema kesho, saa tatu ya asubui, avenue inakutana kwa shefu. Itamuambia Tata Meteo atoke, arudie kwa batu yake. Ulisema na furaha: akienda, hakuna mutu wa kuitia ndeke, na saa sita tuko mu shimo. Mama alitia sombe ku sahani. Mi sikulala muzuri. Alama ku kibambazi haikuniuma, kilio ya ndeke haikuniuma. Iliniuma juu niliwaza, kama kesho anabeba mizigo yake, ni neno yangu njo ilimubebesha, na mi sijamuuliza ata mara moya.

Leo saa saba ya muchana nilienda.

Alikuwa ku mulango anakula, sahani ku magoti, kanya mu mukono. Mizigo hakufunga. Nilimusalimia, hakuinua kidole, alisema tu kaa. Kiti haikuwa, nilikaa ku ngazi ya mulango. Nilikuwa na maneno mingi ya kutayarisha lakini nilianza na ya mwisho, ni vile niko.

"Tata, ile ndeke ilikuwa inatafuta nini?"

Alimeza d'abord. "Mupepo ya kupumua," alisema.

Niliwaza ananicheka. Kiisha akaeleza, polepole, na mi ku kila neno nilikuwa natafuta pa kumukamatia. Alisema kule juu penye ndeke kubwa zinapita, mupepo ni kidogo, mutu hawezi kuishi. Kuko mashini yenye kusukuma mupepo ndani. Kama ile mashini inaharibika, ao mulango haifunge muzuri, pilote hana kuchagua: anateremuka mbio mpaka penye batu yake banaweza kupumua bila mashini. Kiasi ni moya mu dunia yote, pieds elfu kumi, ni kusema karibu kilometre tatu. Nikamuambia elfu kumi ni juu sana, na ile ilikuwa karibu na mabati. Njo pale alicheka kidogo, mara ya kwanza nilimuona meno leo.

"Elfu kumi kutoka wapi?"

Nikasema kutoka chini.

"Chini ya nani? Banapima kutoka bahari, mwana. Siye hapa tulishapanda karibu elfu tano, tunakaa tu. Pilote anasema niko elfu kumi, ni sawa. Weye unaona elfu tano, ni sawa pia. Kwa batu ya bahari ile ndeke iko ya kawaida. Kwa batu ya Kolwezi iko ku jiko."

Masomo nilimaliza, diplome niko nayo, na ile sikuiwaza. Kila siku tunasema ndeke ilishuka. Hakuna mutu aliuliza kama ni siye benye tuko juu.

Lakini sikuacha. Nikamuuliza ya pili, juu ya nini ilirudia. Alisema ku Lubumbashi pengine balikosa kipande ya kutengeneza, basi balitosha batu, bakairudisha tupu kule iko na bafundi yake, na bila ile mashini lazima ipite chini njia yote. Hakusema hakika, alisema pengine. Alisema pia iliweza kuwa kitu ingine, miguu yenye haifunge, ao mvula mubaya ya kukwepa, lakini miguu aliona na macho, ilifungwa, na mvula haikuwa. Na kamera? Akasema ndeke yenye kupima bulongo ni ndogo, na inapita sawa mutu analima shamba: inaenda, inarudia, inaenda, inarudia, mustari pembeni ya mustari, siku yote. Mutu mwenye kulima hapite mara moya mu shamba na kuenda kwabo. Na fimbo? Ilikuwa ya kupima ndeke iko juu namna gani. Alifungula kaye, akanionyesha: tarehe, saa, upande, urefu. Niliangalia kurasa ingine pia, sikumuomba. Mawingu tu, na mupepo. Jina ya mutu haikuwa.

"Ulijua tangu siku gani, Tata?"

"Tangu dakika ya kwanza."

"Na posho tatu batu banaogopa, na we unanyamaza. Mi nilidanganya mvula ya siku moya, ulinionyesha kosa yangu. Na ya kwako?"

Aliweka sahani chini. Alichukua fimbo, akasema tuende. Tulipita nyuma ya manyumba. Alinionyesha ku nyumba ya kwanza ule mupasuko ku kibambazi, na juu yake ile plâtre nyeupe, yenye aliombaka kwa infirmier wa dispensaire, mabaki ya kufungia mikono ya kuvunjika. Plâtre, alisema, haijue kuvutika. Kama nyumba inatembea, ata kidogo sawa unywele, plâtre inavunjika. Anaandika tarehe kusudi ajue ni siku gani alibandika. Ku kila nyumba zilikuwa tatu, ine, kubwa na ndogo, zote za kuvunjika katikati. Kiisha moya, ya chini, nzima. Nilisoma tarehe ya ile nzima: ilikuwa posho ile ile ya ndeke ya kwanza.

Ku nyumba yetu nilifika mbele yake. Ziko chini ya dirisha ya mama. Tatu za kuvunjika, ya ine nzima. Kitanda ya mama inagusa ile kibambazi, upande ingine.

"Mashimo ya chini ilishakutana," alisema. "Ya kwenu na ya jirani, na ya jirani na ya mwingine. Mutu anafwata mabwe, hafwate nyumba. Nilisema zamani, ku shefu, mara mbili, kama manyumba itaanguka ndani. Balinicheka, ati nachukia batu bakule. Miezi ine, kila plâtre yenye nabandika haipite posho moya mbele ya kuvunjika. Ndeke inapita, batu banaacha nyundo, plâtre haivunjike tena. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Sikusema bongo, sikudanganya. Niliacha tupu." Akagusa plâtre na kidole, polepole. "Nikisema ndeke ilikuwa mugonjwa tu, kesho bako chini. Banifukuze, basi. Niko muzee, nitaenda kwa dada yangu Kisenge. Boga, ile kuogopa, ibakie hapa."

Njo pale nilielewa juu ya nini hakujitetea: alikuwa anatengeneza mambo yake sawa ngazi ile ya mabati, bila uso. Na nilielewa kitu ingine, yenye ye hakuwa nayo, juu ye hakaaki ku meza na bacreuseur, benye kuchimba. Nilimuambia.

"Tata, boga haitabakia. Bo habaogope ndeke tena. Banaogopa weye. Banasema we njo unaiitia. Kesho ukienda na mizigo, ile boga inaenda na weye, na saa sita banaingia mu mashimo."

"Nani alisema?"

"Yaya yangu."

"Ulisikia na masikio?"

"Na masikio yangu, ku meza yetu."

Kule ku balabala mutu alikuwa anaita kuku yake. Tata Meteo aliangalia ile plâtre nzima, akaangalia ya kuvunjika, sawa mutu mwenye anasoma tena karatasi yenye alishasoma.

"Ile sikuipima," alisema.

Miaka yote, sikumusikia kusema vile. Nilingoja aniambie nifanye nini. Ni muzee, ni ye njo anajua. Hakuniambia. Alisema nirudie kwetu juu mvula inakuya, na mbingu ilikuwa safi. Nilirudia, nikatosha bilamba ku kamba. Ilinyesha.

Siko mutoto. Najua pengine ananidanganya pia. Namuamini mara mbili juu ya tatu. Ndeke sikuipima mi. Pengine kulikuwa kamera, pengine hapana. Lakini plâtre niligusa na kidole yangu, na kitanda ya mama najua penye iko.

Jioni hii nilikuambia yote, yaya, mbele ya mama. Ulisema muzee alinilisha maneno na kanya yake. Ulisema plâtre inavunjikaka peke yake na jua. Nikasema basi twende, uone ile ya ine. Ulisema hauna wakati wa kuangalia kibambazi, posho tatu haukutumika, na mutu mwenye hana shimo hana mapendo ya batu benye mashimo. Njo pale nilisema ile neno ya zambi, na ulinicheka, na mama akatoka kuenda kuangalia chini ya dirisha na lampe. Alirudia, akazima lampe. Alilala, kitanda pale pale.

Basi nilishajua. Nikienda kesho kwa shefu na kusema tu ndeke ilikuwa inatafuta mupepo, nitamuokoa Tata Meteo, na nitafungulia nyundo ya avenue yote, ya kwetu njo ya kwanza. Nikinyamaza, anaenda Kisenge na nyundo zinaanza vile vile. Kuko tu kupanga bitu: gani mbele, gani nyuma.

Kesho we, yaya, unatoka saa kumi na mbili kuenda kupanga biti ya kukalia kwa shefu. Mukutano ni saa tatu. Bulongo iko mu couloir, kavu, karibu. Nitaomba mama asogeze kitanda. Nitatosha meza, bashi na mbao, na nitaanza kurudisha bulongo mu shimo na pelle, ile sepeto. Yote sitaweza, lakini nitafunika chini ya ngazi yako ya kushukia mu shimo, na kutosha ile bulongo itakuomba siku mingi. Saa tatu kidogo ikose, nitaenda kwa shefu vile niko, mikono ya bulongo. Nitasema yenye ndeke ilifanya, nitasema nani alianza kusema alama, na nitabaomba bakuye mumoya mumoya baguse plâtre ya nyumba yabo. Lakini pelle d'abord.